Kitambi, Kilo na Sukari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Unene na Kupunguza Uzito

Majibu haya ni kwa ajili ya mtu mzima aliyeambiwa "punguza uzito" akatoka kwa daktari bila kuelezwa kwa nini, vipi na kiasi gani. Msimamo wetu utauona ukijirudia: kilo 5 zilizotoka na zisirudi zina faida kuliko kilo 20 zilizotoka haraka na kurejea kabla mwaka haujaisha. Ukiwa mjamzito, ukitumia insulini au ukiwa na ugonjwa wa figo, zungumza kwanza na wanaokutibu kabla ya kubadili mlo wako.

Nitajuaje kama uzito wangu umevuka mpaka?

Kliniki nyingi hutumia BMI. Chukua kilo zako, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.60 anagawa 82 kwa 2.56, anapata 32. Kati ya 18.5 na 24.9 ni kawaida. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni unene uliopitiliza, ambao maofisa lishe wa Tanzania huuita kiribatumbo.

Hesabu hiyo ilianzishwa na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830. Alitaka kueleza umbo la wastani la binadamu, hakuwa akitafuta wagonjwa. Ndiyo maana inakosea kwa mtu mmoja mmoja. Kijana anayebeba zege kila siku anaweza kuonekana mnene kwenye karatasi ilhali ni misuli mitupu, na karani mwembamba mwenye kitambi kidogo akaonekana salama ilhali ini lake limejaa mafuta. Mwezi Januari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu lililochapisha mapendekezo yake katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilisema wazi kwamba BMI peke yake haitoshi kuamua kwamba mtu ana ugonjwa wa unene. Lazima pia mafuta ya mwili yapimwe, angalau kwa kiuno, na iangaliwe kama viungo vimeanza kuathirika.

Kwa hiyo tafuta futi ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kwa kawaida, izungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi. Mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke 80, hatari imeanza kupanda. Kwenye 102 na 88 imepanda sana. Ukitaka kanuni rahisi zaidi, kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 160 abaki chini ya 80.

Kwa nini kitambi kinaogopwa kuliko mapaja na makalio?

Kwa sababu mafuta hayafanani tabia. Yale ya chini ya ngozi kwenye nyonga na mapaja ni ghala tulivu. Wanawake wengi wanayo maisha yao yote na vipimo vyao vya damu ni safi. Yanayoleta shida ni yale yanayozunguka utumbo na yanayojipenyeza ndani ya ini na kongosho. Ini lililojaa mafuta huacha kusikiliza insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, na kuendelea kumwaga sukari kwenye damu hata mtu akiwa hajala. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi na zaidi. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka kongosho lichoke, na hapo ndipo mtu anaambiwa ana kisukari "cha ghafla". Hakikuwa cha ghafla.

Madaktari huangalia mambo 5 kwa pamoja (vipimo vya damu hapa ni kwa milimoli kwa lita, mmol/L): kiuno kikubwa, presha ya 130 kwa 85 au zaidi, sukari ya asubuhi kabla ya kula ya 5.6 au zaidi. Mafuta ya damu aina ya trigliseridi ya 1.7 au zaidi. Na lehemu nzuri iliyo chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na 3 kati ya hayo, mfumo mzima wa mwili wa kutumia na kuhifadhi nguvu umeyumba, hata kama kila kipimo peke yake kinaonekana "kimezidi kidogo tu".

Dalili moja inaonekana kwa macho na hupuuzwa sana: weusi mnene, kama mahameli, nyuma ya shingo au kwapani. Watoto hupigwa na kusuguliwa kwa dodoki wakidhaniwa hawaogi. Si uchafu. Mara nyingi ni alama kwamba insulini imezidi mwilini. Mwenye shingo hiyo apimwe sukari.

Je, unene ni matokeo ya uvivu na ulafi?

Hapana, na imani hii imewaumiza watu wengi. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo ya watu 540 wa Denmark walioasiliwa na kulelewa na wazazi wasiowazaa tangu utotoni. Uzito wao ukubwani ulifuata ule wa wazazi waliowazaa. Na wa wale waliowalisha mezani haukuwa na uhusiano wowote. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo. Panya asiye nayo hula bila kukoma. Kuna watoto wachache duniani wanaozaliwa bila homoni hiyo. Wakidungwa, njaa yao isiyoisha hutulia. Hakuna aliyewafundisha nidhamu.

Lakini urithi haueleweki bila mazingira. Chembe zetu za urithi hazikubadilika ndani ya miaka 30, ila maisha yamebadilika. Watafiti waliwafuatilia Watanzania waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume na wanawake waliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na idadi ya waliokuwa wakifanya kazi nzito iliporomoka. Watu ni wale wale, na uvivu hawakuupata ndani ya basi. Kilichobadilika ni kazi, usafiri, chakula cha kununua na umbali wa shamba. Kitaifa pia mwelekeo ni huo huo: mwaka 1991-92 asilimia 11 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 28. Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 33.

Hili halimaanishi huwezi kufanya kitu. Maana yake ni kwamba unapigana na mwili na mji kwa wakati mmoja, na unastahili msaada badala ya kejeli.

Nimefika miaka 40 na umetaboli wangu (kasi ya mwili kutumia nguvu) umepungua, ndiyo maana nanenepa. Sivyo?

Sivyo. Mwaka 2021 Herman Pontzer na wenzake walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia mtoto wa siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na misuli yake, matumizi ya nguvu hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Tena mtu mnene kwa kawaida hutumia nguvu nyingi zaidi akiwa amelala kuliko mwembamba, kwa kuwa ana mwili mkubwa wa kuhudumia.

Mambo yanayobadilika kwenye umri huo ni mengine: gari limenunuliwa, cheo kimekuweka kwenye kiti, misuli imepungua, usingizi umekatika, na vikao vya jioni vimeongezeka.

Niliwahi kupungua kilo 15, zikarudi zote na nyongeza. Nilikosea wapi?

Huenda hukukosea popote. Mwili hupokea upungufu wa uzito kama dharura ya njaa. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa karibu nusu mwaka. Walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuhisi baridi na kukosa raha. Chakula kiliporudishwa, wengi walikula kupita kiasi kwa muda mrefu, na mafuta yalirudi haraka kuliko misuli.

Utafiti wa Melbourne wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mwaka mzima baada ya kupungua, homoni za njaa bado zilikuwa juu na za shibe bado chini. Na Kevin Hall, wakati huo akiwa taasisi za taifa za afya za Marekani, alipowapima washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito miaka 6 baadaye, miili yao ilikuwa ikitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao.

Ndiyo maana swali la kujiuliza kabla ya kuanza mlo wowote ni hili: je, naweza kula hivi Krismasi, Idi, msibani na mwezi wa Januari ada za shule zikidaiwa? Kama jibu ni hapana, matokeo yake nayo hayatadumu. Na baada ya kupungua, kudumisha ni kazi yenyewe. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, na uamue mapema utafanya nini kilo 2 zikirudi, maana zitajaribu kurudi.

Basi nilenge kilo ngapi?

Anza na asilimia 5 hadi 10 ya uzito wako. Mwenye kilo 90 alenge 4.5 hadi 9 ndani ya miezi 6. Wengi hukunja uso wakisikia idadi hiyo, wanataka 25. Lakini katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa makundi. Kundi lililolenga kupungua asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kilo chache na miguu viliishinda dawa.

Aliyekwisha kuambiwa ana kisukari aina ya 2 ana sababu ya kulenga juu zaidi, hasa miaka ya mwanzo. Uingereza, utafiti uliosimamiwa na Roy Taylor na Mike Lean uliwapa watu mlo wa takriban kalori 830 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishiwa chakula taratibu. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyo ya kisukari bila dawa yoyote. Kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Mwaka wa pili asilimia ilishuka hadi 36, kwa sababu uzito wa baadhi yao ulirudi. Usilijaribu hili peke yako nyumbani: dawa za presha na sukari hupunguzwa siku ya kwanza, la sivyo mtu anaweza kuanguka.

Lazima niache ugali na wali?

Si lazima. Watu huuliza kama wanga ni sumu, na kila mtaa una mtu aliyepungua kwa kuacha wanga kabisa. Ni kweli alipungua. Lakini mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alilinganisha mlo wa wanga kidogo na mlo wa mafuta kidogo kwa watu 609 kwa mwaka mzima. Kundi la wanga kidogo lilipungua kilo 6.0, la mafuta kidogo 5.3, tofauti hiyo haina uzito wa kisayansi. Ndani ya kila kundi walikuwemo waliopungua karibu kilo 30 na walioongezeka. Mlo ulio bora ni ule unaoweza kuuishi.

Kwa sahani zetu, shida kubwa ni vipimo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Ugali wa mtu mmoja aliyeshiba "sawasawa" unaweza kubeba gramu 200 za unga, zaidi ya kalori 700 kabla ya mboga. Na mboga yenyewe ni vijiko viwili vya mchicha pembeni, kazi yake ni kusukuma tonge. Geuza sahani: nusu iwe mchicha, matembele, kabichi, mnafu au sukuma wiki, robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta, robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Maharage na dagaa ni chakula cha heshima kwa mtu anayepunguza uzito, kwa sababu protini na nyuzinyuzi hushibisha kwa muda mrefu. Dona inashinda sembe kwa kuwa haijaondolewa pumba na kiini, ila dona nayo ina kipimo chake.

Sasa mafuta. Hapa ndipo kalori nyingi za jikoni kwetu zinapojificha. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, yawe ya alizeti, mawese au mzeituni. Mboga iliyomiminiwa mafuta kutoka kwenye kidumu kwa kukadiria kwa macho inaweza kuwa na vijiko 5 bila mpishi kujua. Pima kwa kijiko, kijiko kimoja kwa kila watu wawili, na utaona tofauti bila kugusa ugali. Kisamvu cha nazi na samaki wa kupaka ni vitamu na vina nafasi yao mezani, ila visiwe vya kila siku. Chapati moja ya kusukuma yenye mafuta mengi si kitafunwa, ni mlo.

Halafu kuna vyakula vya pakiti. Mwaka 2019 Kevin Hall huyo huyo aliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti, wiki 2 wakila vyakula vya viwandani na wiki 2 vyakula vya asili, wakiruhusiwa kula mpaka washibe. Kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku bila kukusudia. Tambi za dakika mbili, biskuti, soseji na krispi si sawa na viazi vya kuchemsha hata kama kalori za kwenye pakiti zinafanana.

Na sukari ya kwenye chai?

Soda ya kawaida ya mililita 500 ina takriban gramu 50 za sukari, zaidi ya vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Soda moja imeshakula siku mbili.

Chai ya vijiko 4, vikombe 3 kwa siku, inafika gramu 48. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Juisi ya matunda, hata ya nyumbani, huhesabiwa humo humo, kwa sababu machungwa manne yanayonyweka kwa dakika moja hakuna anayeyala kwa mkupuo. Asali pia ni sukari. Bia ya nusu lita ina takriban kalori 200.

Kufunga kunasaidia?

Kunasaidia kama kunakufanya ule kidogo kwa siku nzima. Watafiti wa Guangzhou, China, waliwafuatilia watu 139 kwa mwaka. Walioambiwa wapunguze kalori na kula ndani ya saa 8 tu hawakupungua zaidi ya waliopunguza kalori bila kujali saa. Kama wewe ni mtu asiyependa kuhesabu, kufunga dirisha la kula usiku kunaweza kukurahisishia.

Ramadhani ni ibada na haikuwekwa kwa ajili ya mizani. Wengi hupungua kidogo mwezi huo na kurudi pale pale Shawwal. Futari ya vitumbua, tambi za sukari, kaimati na juisi ya chupa inaweza hata kuongeza uzito. Fungua kwa tende na maji, kisha uji usio na sukari nyingi, kisha chakula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka kwa hatari mchana.

Nafanya mazoezi kila asubuhi, mbona kilo hazishuki?

Jibu zuri la swali hili lilitoka Tanzania, kwa Wahadza, jamii ya wawindaji wa Ziwa Eyasi. Pontzer na wenzake waliwapima na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume walitembea karibu kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, na kazi ya kuchimba mizizi juu yake. Hata hivyo, ukilinganisha ukubwa wa miili, nguvu walizotumia kwa siku hazikuwa tofauti na za watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi maofisini. Mwili unaotumika sana hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo mazoezi peke yake hupunguza kilo chache, na andazi moja baada ya mbio linafuta hesabu yote.

Usiyaache, tafadhali. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata kilo zisiposhuka, hushusha presha, huifanya misuli inyonye sukari, na ni nguzo kuu ya kuzuia uzito usirudi. Dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kasi kwa wiki zinatosha. Siku 2 kwa wiki fanya ya nguvu: kuchuchumaa, kusukuma ukuta, kunyanyua ndoo ya maji. Anayepungua bila mazoezi ya nguvu hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Mkanda wa tumbo, nailoni na sauna vinayeyusha mafuta?

Vinatoa maji. Ukinywa glasi mbili, nusu kilo imerudi. Mafuta yenyewe hutoka mahali ambapo wachache wanapafikiria: puani na mdomoni. Mahesabu ya watafiti wa Australia yaliyochapishwa katika jarida la Uingereza la BMJ mwaka 2014 yalionyesha kuwa kilo 10 za mafuta zikitumika, kilo 8.4 hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi tunayopumua nje, na 1.6 kama maji. Huwezi kuchagua yatoke tumboni kwanza, na kukaza tumbo kwa mazoezi hujenga msuli ulio chini ya mafuta.

Chai za kupunguza uzito je? Na maji ya limao na tangawizi?

Limao na tangawizi havidhuru wengi, wala haviyeyushi mafuta. Vikichukua nafasi ya soda, faida imetokana na kuacha soda.

Chai za "kusafisha tumbo" ni habari nyingine. Nyingi zina sena, dawa inayosababisha kuharisha. Unapoteza maji, chumvi na kinyesi, mafuta yanabaki. Vidonge visivyo na maelezo ni hatari zaidi. Sibutramini, dawa ya kukata njaa, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "za mitishamba". Kidonge kikikukata njaa kwa nguvu, kikakufanya moyo udunde na usingizi upotee, kiache na umwonyeshe daktari pakiti.

Sindano za Ozempic ni za kweli?

Ndiyo. Semaglutidi, iliyomo kwenye Ozempic na Wegovy, huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1 inayoiambia akili kwamba umeshiba. Katika utafiti wa mwaka 2021, watu waliodungwa kila wiki kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9. Tirzepatidi, sindano nyingine ya aina hiyo, mwaka 2022 ilifika karibu asilimia 21 kwa dozi ya juu. Hatukuwahi kuwa na dawa za aina hiyo.

Yaangalie haya kabla ya kutafuta. Ukiacha, uzito hurudi: mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi, watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya kilo walizopunguza. Ni matibabu ya muda mrefu, kama ya presha, na bei yake kwa sasa iko nje ya uwezo wa familia nyingi. Kichefuchefu, kutapika na kufunga choo ni kawaida. Mawe ya nyongo hutokea. Mjamzito asitumie. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa katika mabara tofauti. Usidungwe saluni, usinunue kwa ujumbe wa simu.

Puto na upasuaji vinamfaa nani?

Puto huwekwa ndani ya tumbo bila kupasua, likakaa miezi kadhaa na kutolewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo. Ni msaada wa muda, na likitolewa tabia zilizobaki ndizo zitakazoamua. Upasuaji wa kupunguza tumbo una nguvu zaidi. Uchunguzi wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha kuwa waliopasuliwa waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Kwa kawaida hufikiriwa kwa BMI ya 40 au zaidi, au 35 yenye maradhi kama kisukari, na huhitaji vitamini na ufuatiliaji maisha yote. Uulize utafuatiliwa na nani kabla ya kuuliza bei.

Sindano ya uzazi wa mpango imeninenepesha. Naambiwa ni mawazo yangu.

Si mawazo, dada. Sindano ya miezi mitatu huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Ukiongezeka zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kuna uwezekano utaendelea kuongezeka. Mwambie muuguzi na ujadili njia nyingine, kwa mfano kitanzi cha madini ya shaba kisicho na homoni. Usiiache ile kabla ya kuipata hii.

Wanaotumia TLD kwa ajili ya VVU nao huuliza. Utafiti wa Johannesburg uliochapishwa mwaka 2019 uliona uzito ukiongezeka kwa waliotumia dolutegraviri, moja ya dawa 3 zilizomo kwenye kidonge cha TLD, hasa wanawake. Dawa hiyo inaokoa maisha yako. Usiiruke hata siku moja. Pima kiuno, presha na sukari kila unapokwenda kuchukua dawa.

Nimejifungua miezi 4 iliyopita na mama ananiletea mtori na uji kila saa.

Mpokee mama na upendo wake, punguza bakuli. Kunyonyesha kunahitaji chakula cha ziada, kalori 330 hadi 500 kwa siku, na hiyo ni sahani ndogo moja. Usijibane kwa mlo mkali wakati mtoto anategemea maziwa yako pekee. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni salama. Ukiwa ulipata sukari ya mimba, pimwa tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua na kila mwaka baadaye, maana hatari yako ya kisukari ni kubwa.

Mtoto wangu wa miaka 9 ni mnene. Nimnyime chakula?

Usimnyime, usimpime mbele ya ndugu zake na usimwite bonge. BMI ya watu wazima haimhusu. Kliniki itatumia chati za umri wake. Kwa watoto wengi lengo ni kutulia kwa uzito wakati urefu unaendelea kupanda. Ondoa soda na juisi za pakiti nyumbani kwa wote, siyo kwake tu. Alale saa 9 hadi 11, acheze nje. Baba akila chipsi huku anamkataza, hakuna atakachojifunza.

Kukosa usingizi kunanenepesha?

Kunaongeza njaa. Chicago, mwaka 2022, watu wazima 80 waliokuwa wakilala kidogo walisaidiwa kulala zaidi ya saa moja ya ziada, wakajikuta wanakula takriban kalori 270 pungufu kwa siku bila kuambiwa wapunguze. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku, akasinzia mchana, apimwe.

Nimepungua kilo 8 na sasa majirani wananong'ona kuwa naumwa.

Minong'ono hiyo ina historia ya machungu. Katika miaka ya 1980, Rakai nchini Uganda na Kagera nchini Tanzania zilishuhudia watu wakikonda na kufa kabla jina la UKIMWI halijazoeleka. Waganda waliuita ugonjwa ule "Slim". Waliozika ndugu zao hawajasahau, na kwao unene bado ni ushahidi kwamba mtu yu mzima. Wengine wanakuonea wivu tu, lakini wengi wanaogopa. Waambie watu wa nyumbani mapema unachofanya na kwa nini. Waonyeshe karatasi ya presha iliyoshuka. Shangazi aliyekuwa akikusukumia sahani ya pili anaweza kuwa wa kwanza kuanza kutembea nawe jioni.

Nimepungua bila kujaribu. Nifurahi?

Nenda hospitali wiki hii. Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia si baraka, hata kwa mtu mnene. Kiu isiyokwisha na mkojo wa mara kwa mara huashiria sukari iliyopanda sana. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi na jasho la usiku, pima kifua kikuu. Mapigo ya moyo ya kasi, mikono kutetemeka na joto, pima tezi la shingo. Omba pia kipimo cha VVU, na ukiwa umevuka miaka 50 au una damu kwenye choo au chakula kinakwama kooni, taja hayo kwanza kabla hujaeleza kitu kingine.